Mapigo Thelathini na Mawili

Mgeni aliingia ukumbini katikati ya mazoezi, akapita mbele ya wapiga fidla bila hata hodi, akaketi kwenye kiti ambacho kwa miezi mitatu hakuna aliyethubutu hata kukiwekea koti. Akafungua mkoba mwembamba, akaanza kuunganisha filimbi yake.

Muongozaji akashusha kijiti chake. "Samahani, kaka. Hapo pana mwenyewe."

"Nimetumwa na ofisi ya juu, Mwalimu. Kesho nitapiga sehemu yake." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomsisimua mwili muongozaji.

"Si mumwachie aje aipige mwenyewe?" mpiga ngoma akadakia. "Nyinyi ndio mnajua aliko."

Kicheko kikaanza, kikakatikia kooni. Mgeni alikuwa akimtazama mpiga ngoma kama mtu anayekariri sura.

Mwenye kiti kile, mpiga filimbi wao, alichukuliwa alfajiri moja mlangoni kwake, miguuni kandambili. Hakuonekana tena. Mama yake alimjia muongozaji, akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, ile sehemu yake usimpe mtu. Akipewa mtu, watasema hakuwahi kuwepo."

"Sitampa mtu, mama." Alitamka upesi, kama tunavyowaahidi watu wanaolia.

Sasa neno lile lilimkaa shingoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya kutunga, okestra aliyoianza na watu saba katika karakana ya seremala, jina linalobandikwa kutani katika miji asiyoijua. Asipotii, vyote vingezimika kesho. Jioni simu ikalia. "Tunakutegemea," sauti ikasema, ikakata.

Kesho yake alasiri ukumbi ulifurika. Mbele walikaa wakubwa. Nyuma kabisa, yule mama. Muziki ulipanda, ukashuka, ukafika pale filimbi inapobaki peke yake kwa mapigo thelathini na mawili. Mgeni akaipeleka filimbi mdomoni, akangoja ishara.

Muongozaji akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikimzuia. Wa kulia ukaendelea kupiga hewani. Moja. Mbili. Tatu. Ukumbi ulinyamaza hata mchakacho wa shati lake ukasikika. Kumi na moja. Mkubwa mmoja akamwinamia mwenzake sikioni. Kumi na tisa. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, viatu vikaingia taratibu.

Hakugeuka. Ishirini na nne, akahesabu, asiharakishe hata pigo moja.