Toa Ishirini

Saa tisa na robo alasiri, siku ya Jumapili, mashine ya presha ya wodi ya upasuaji ya wanaume ilisoma 156 juu na 98 chini. Mkono uliofungwa mkanda ulikuwa wa muuguzi mwenyewe. Alikaa nyuma ya pazia la chumba cha vidonda, miguu yote miwili sakafuni, mgongo umeegemea kiti, kama anavyowataka wagonjwa wakae. Mimba yake ilikuwa ya wiki thelathini na mbili.

Juu ya kioo cha mashine kulibandikwa kipande cha plasta chenye maandishi ya kalamu nyeusi: TOA 20/10. Mwandiko ulikuwa wake. Miezi minne nyuma yeye ndiye aliyegundua kwamba mashine ile inazidisha. Aliilinganisha na ya zebaki iliyoko chumba cha upasuaji, mtu baada ya mtu, akapata tofauti ileile. Fundi wa vifaa aliarifiwa, akasema atakuja. Tangu hapo wodi nzima ilitoa ishirini juu na kumi chini bila kufikiri, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango mfupi aliouzoea.

Alitoa. Ikabaki 136 kwa 88. Daktari wa kliniki alikuwa amemwekea mpaka: ikifika 140 kwa 90, aache kazi na aje kulazwa siku hiyohiyo. Alifungua mkanda, akavuta pazia, akarudi wodini.

Wenzake walimwita Dakika, kwa kuwa hakuwahi kuchelewa zamu. Ijumaa, aliporudi kutoka mapumziko yake ya katikati ya wiki, muuguzi mkuu wa wodi alimsimamisha mlangoni na kumtazama viatu. Vilikuwa vya mumewe.

"Mwanangu, kaa nyumbani."

"Nikikaa, Sista, siku zinatoka wapi?"

"Za ugonjwa ulizimaliza kwa kutapika. Ukianza leo zinatoka kwenye likizo ya uzazi. Si mimi, ndio utaratibu."

"Basi sianzi."

"Na presha?"

"Naipima kila siku."

"Nani anakupima?"

"Mwenyewe. Humu kuna anayepima vizuri kuliko mimi?"

Muuguzi mkuu alicheka, kwa sababu kweli hakukuwa na anayemzidi.

Hesabu ya Dakika haikuwa ya ukaidi. Katika mimba ya kwanza alitii. Alilala kitandani wiki nane, likizo ikaliwa kabla ya mtoto kuzaliwa, na alirudi kazini mtoto akiwa hajaweza kushikilia shingo. Mumewe alikuwa dereva wa lori, wiki mbili njiani, siku tatu nyumbani. Mtoto alilelewa na wifi yake, dada wa mume. Sasa alikuwa na miaka minne. Mtoto alimwita wifi mama. Yeye aliyemzaa, mtoto alimwita Mama Zamu. Kila mtu nyumbani alicheka jina hilo, na yeye pia. Safari hii alikusudia miezi yote mitatu ianze siku ya kujifungua, wala si siku moja kabla.

Asubuhi ya Jumapili hiyo wifi alikuwa amembonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu. Shimo lilibaki.

"Wifi, hii ni miguu au unga uliokandwa?"

"Nasimama sana."

"Hata mimi nasimama sana, mbona yangu bado miguu? Wewe ndiye nesi bwana, mimi nauliza tu."

Kwenye kitanda cha dirishani alilazwa mwalimu mstaafu aliyepasuliwa ngiri. Tangu Ijumaa presha yake ilikuwa na tabia ambayo daktari wa zamu hakuielewa: asubuhi ilipanda, jioni ikashuka. Dakika alipompima siku hiyo, mashine ilisoma 164. Alitoa ishirini, akaandika 144. Daktari alisoma kwenye karatasi, akatikisa kichwa.

"Asubuhi 166, sasa 144. Mwalimu, mbona ukimwona huyu unatulia?"

"Ana mikono mizuri," alisema mwalimu. "Hao wa asubuhi wana mikono ya polisi."

"Basi Dakika, ubaki. Wewe ndiwe dawa yake."

Walicheka wote watatu. Daktari hakuongeza dawa.

Saa kumi na nusu kichwa kilimuuma mbele, juu ya macho. Alimeza vidonge viwili vya maumivu. Baadaye, akimgeuza mgonjwa mzito, aliona vimulimuli pembeni mwa jicho la kulia. Alisubiri vipite, akamaliza kutandika shuka. Dalili hizo alizijua; aliwahi kuwafundisha wanafunzi. Alizilinganisha na 136 kwa 88, akaiamini namba.

Muuguzi mwenzake waliyempa jina la Redio, aliyekuwa amehamia zamu ya mchana siku hiyohiyo, alimkuta ameshika ukingo wa sinki.

"We Dakika, mbona umefanana na shuka? Kaa hapo."

"Tumbo limekaza."

Redio alimfunga mkanda. Mashine ilinguruma, ikasoma 184 kwa 118.

"Mungu wangu."

"Toa ishirini," alisema Dakika.

"Nitoe nini?"

"Soma plasta."

"Plasta ya nini? Fundi si aliitengeneza Jumatano? Alituita wote wa asubuhi, akaipima mbele yetu na ile ya zebaki. Iko sawa kabisa. Hukuambiwa?"

"Plasta ipo."

"Tulijua ni ya zamani. Nikafikiri mwenye mwandiko atabandua mwenyewe."

Dakika alimtazama. Kisha alisema, kwa sauti ya kawaida ya kukabidhi zamu, kwamba mwalimu wa dirishani ana 164, na kwamba vipimo vyote vya jioni tangu Ijumaa viongezwe ishirini. Aliposimama, damu ilikuwa imelowesha kiti.

Redio alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi jengo la wazazi akipiga kelele watu wapishe. Mkunga aliweka kifaa cha mapigo tumboni, akakisogeza, akakisogeza tena. Alipata mapigo ya mtoto, ya polepole mno. Kondo la nyuma lilikuwa limeanza kubanduka. Mumewe alipigiwa simu, hakupatikana. Idhini ya upasuaji aliisaini mwenyewe, akaandika na saa.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Walimpa hewa na kumkandamiza kifua mpaka daktari wa watoto aliposema inatosha. Mama alichomwa dawa ya kuzuia degedege, akawa anapimwa presha usiku kucha.

Jumanne muuguzi mkuu alikuja na kukaa pembeni mwa kitanda chake.

"Likizo yako nimeiandikisha kuanzia jana, mwanangu. Yote. Hawajakata kitu."

"Asante, Sista."

Dakika aligeuza kichwa kumtazama.

"Mwalimu je?"

"Wamembadilishia dawa. Leo 148."

"Mashine ipi?"

"Ileile."

"Plasta?"

"Nimeibandua mimi."

Saa ya kuona wagonjwa wifi aliingia na yule mtoto wa miaka minne. Wifi alikuwa amelia njiani, na alikuwa amenawa uso. Aliweka chupa ya chai kwenye kabati, akakunja kanga iliyokuwa imeshakunjwa.

"Pole, wifi yangu. Sasa utapumzika, sawa? Miezi mitatu. Huyu nitakuachia ushinde naye."

"Sawa."

"Haya, nenda kwa Mama Zamu."

Mtoto aliutazama mrija uliokuwa mkononi, akaufuata kwa macho hadi kwenye chupa iliyoning'inia juu. Dakika alinyoosha mkono mwingine, ule usio na mrija. Mtoto alirudi nyuma mpaka akagusa magoti ya wifi.

"Mama," alimwambia wifi, "twende nyumbani."

Wifi alimsihi, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Mtoto alianza kulia. Kengele ya kumaliza muda ilikuwa bado, lakini wifi alimbeba, wakatoka.