Karata Alizoziacha

Fundi aliweka kikombe mbali na kibodi, akaiwasha kompyuta ya mkewe ndani ya kompyuta yake.

Mashine yenyewe ilishakufa. Mkewe alipofariki, fundi aliinakili diski yake nzima, mpaka takataka zake, ikawa faili moja kubwa, akaifunga isomwe tu. Hiyo ndiyo diski mama. Hata chuoni alikofanya kazi ilikuwa hivyo: wanafunzi wote walisimama juu ya diski mama moja, kila mmoja akiandika kwenye tabaka lake jembamba, na jioni matabaka yanatupwa. Wavuruge watakavyo, kesho mama yuko vilevile. "Mama haandikwi," aliwaambia kila mara, nao wakambandika jina hilo, Mama Haandikwi, mwanamume mzima na ndevu zake.

Nyumbani, ndani ya diski ya mkewe, alitunza mchezo wa karata, ule wa kucheza peke yako. Mkewe aliuacha katikati siku aliyopelekwa hospitali. Kila Jumapili fundi aliufungua, akacheza, akakwama, akatupa tabaka, na karata zikarudi pale mkono wa mkewe ulipoziacha. Alikuwa mpweke, na mchezo huo ndio uliombakia. Binti yao, aliyeolewa mbali, hakujua. Alipomsihi baba ahamie kwake, alijibiwa kwamba kazi ni nyingi.

Wiki hiyo diski ya kompyuta yake ilianza kukwaruza. Alihamishia kila kitu kwenye mpya, ya zamani akaiponda kwa nyundo kama walivyozoea kazini. Kufuli la kusomwa tu halikuhama na faili, na hakukagua. Nakala ya akiba? Chuoni alikuwa nazo kadhaa, nyumbani hakuwa na hata moja. Mganga hajigangi. Na leo, kwa usingizi wa mchana, aliifungua diski mama yenyewe bila tabaka juu. Siku nyingine kufuli lingemkatalia.

Alicheza, akakwama, akafunga. Alipofungua tena, karata zilikaa alivyoziacha yeye. Alitafuta ya mkewe ni ipi na yake ni ipi, asiweze kuzitenganisha. Akampigia binti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibu karata za mama yako."

Ilimchukua muda kueleza. Fundi akajiandaa kuambiwa kwamba uzee umeanza kumcheza shere.

"Mama hakuwa akiumaliza ule mchezo," binti alisema mwishowe. "Akikwama ananipigia mimi, namwambia asogeze nini."

Fundi hakulijua hilo. Lilimtia wivu kidogo, kisha likamliza, naye hakujificha. Binti alingoja mpaka pumzi zikatulia.

"Haya, unaona nini hapo?"

"Malkia wa kopa. Hana pa kwenda."

"Na mfalme mweusi wa kumpokea?"

Fundi aliusogeza uso karibu na kioo. Upande wa pili wa simu alisikia binti akimwambia mtu apunguze redio, kisha kiti kikivutwa.