Swali la Saba

Fundi viatu alianguka mtihani wa kipaimara mara tatu, na mara zote tatu aliangushwa na mwanamke ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake. Mpe soli iliyoachana na kiatu, ataishona mpaka udhani kimetoka dukani leo. Mwulize swali la saba, anatazama dari kana kwamba jibu limetundikwa huko.

Swali lenyewe lilikuwa hili: mtu anahesabiwaje haki mbele za Mungu? Na jibu: kwa imani tu, pasipo matendo yake. Maneno sita, mtoto mdogo anayaweza. Mwalimu, ndiye mwanamke huyo, aliyasubiri kalamu mkononi, na yasipotoka yote, alifunga daftari na kusema, "Rudi mwakani." Watoto wa wazee wa kanisa walirudi mwakani. Mchungaji wa sasa mwenyewe, enzi hizo kijana mwenye kigugumizi, alirudi mwakani. Fundi alipita mara ya nne, na namna alivyopita ilibaki siri ya watu wawili.

Mwalimu hakumwonea haya hata mama mkwe wake, mama mzazi wa fundi. Bikizee yule alipopotewa na akili uzeeni, Jumapili moja alikaa benchi la mbele akanyoosha kiganja kupokea mkate kama wenzake. Mwalimu akamnong'oneza mchungaji wa wakati ule kwamba mama huyu hajui tena anaamini nini, na hakuna wa kumwaminia. Mchungaji akampita. Bikizee akabaki na kiganja wazi mpaka wimbo ukaisha. Fundi aliona yote. Hakusema kitu siku ile, wala miaka kumi na tisa iliyofuata, na hilo ndilo linalomchoma mpaka leo: alikuwa na mdomo, akaufunga.

Sasa zamu imemfikia Mwalimu. Ugonjwa wa kusahau ulianza na funguo, ukaja kwenye majina ya watoto, ukamalizia na Mungu. Asubuhi moja fundi alipomaliza kuombea chai, mkewe alimwuliza kwa adabu, "Ulikuwa unaongea na nani?" Fundi alicheka, akidhani ni utani. Kisha akakumbuka kwamba mkewe hajawahi kuwa mtu wa utani.

Daktari alisema moyo wake umechoka, ahesabu wiki, asihesabu miezi. Fundi akabaki na haja moja tu duniani: mkewe apokee mkate na divai kabla hajaondoka. Asiende kama mama.

Mchungaji alikuja Jumatano baada ya chakula cha mchana, na kimkoba chake cheusi. Fundi alikuwa amemwogesha mkewe, amemvika gauni la bluu na kumsuka nywele mwenyewe, mistari imekwenda upogo. Aliondoa viatu vya wateja juu ya stuli, akaipangusa, mchungaji akatandika kitambaa cheupe.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kwa mtihani?"

"Leo hakuna mtihani, mama. Nimekuletea meza ya Bwana." Akamsogezea kipande cha mkate.

Mwalimu akaficha mikono chini ya mapaja. "Hujaniuliza."

"Pokea tu, mke wangu," fundi akasema. "Leo hakuna kuulizwa."

"Nipokee bila kujibu?"

"Bila kujibu."

"Hapana, fundi. Huo ni wizi."

Mchungaji akamtazama fundi, fundi akamtazama mchungaji. Mwishowe mchungaji akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Mtu anahesabiwaje haki mbele za Mungu?"

Mwalimu akakunja uso. Midomo ikacheza, jasho likamtoka juu ya mdomo. Na ajabu ya mambo, fundi ambaye hakuwahi kulishika jibu lile alilikuta zima kwenye ulimi wake. Akainama sikioni mwa mkewe. "Kwa imani tu, pasipo..."

"Hakuna kunong'onezana!" Mwalimu akafoka, kwa sauti ile ile iliyowahi kunyamazisha darasa la watu arobaini. Kisha sauti ikamwishia. "Sijui, mwalimu. Nitarudi mwakani."

"Mama, hata imani yenyewe ni zawadi," mchungaji akasema. Kigugumizi chake cha zamani kilikuwa kimerudi. "N-ndivyo ulivyotufundisha."

"Zawadi anapewa aliyefaulu."

Fundi, pembeni, alijua kwamba hilo nalo mkewe alikuwa amelifundisha. Mdomo ulifundisha neema, na kalamu ikafundisha hili la pili miaka yote, na la kalamu ndilo lililobaki kichwani mwake. Alimkasirikia. Alitamani kumshika taya, amfungue kinywa, amlishe kwa nguvu, na papo hapo akamwonea huruma.

Mchungaji alikunja kitambaa, akaahidi kurudi Ijumaa, akatoka akitembea upesi. Fundi akaketi kwenye kochi. Mkewe akatoa mikono ilikokuwa imefichwa.

"Na wewe, fundi, ulifaulu?"

"Nilianguka mara tatu."

"Ya nne je?"

Fundi akajikaza kisabuni. "Ya nne nilitazama dari, mvua ikanyesha mpaka ikakatika, sikupata hata neno. Mwalimu akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Akaniwekea alama ya vema."

"Bila kujibu?"

"Bila neno moja. Na mwaka ule ule akakubali nimwoe."

Akasubiri. Kama mkewe angeikumbuka alama ile, hiyo moja tu, fundi angemkimbilia mchungaji barabarani miguu mitupu, arudi na mkate.

Mkewe alimtazama kwa huruma nyingi, akampapasa mkono wenye sugu za uzi na gundi.

"Pole, baba," akasema. "Mwalimu wako alikosea."