Kitambaa Kisichopigwa Pasi

"Jumapili nakuja kumchukua mama," kaka yangu alisema, "na sitaki ubishi."

Nilikuwa kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake. Nikazitema kiganjani. "Umpeleke wapi? Mama ana nyumba yake."

"Nyumba ambayo mtu akigonga hasikii? Juzi nimegonga mpaka nimechoka. Nikaingia kwa ufunguo wangu, akashtuka, akajimwagia chai ya moto mapajani. Siku nyingine ataangukia jiko, tutamwambia nani?"

Hapo alisema kweli. Masikio ya mama yalikuwa yameziba kabisa. Ukikaa mbele yake anakusoma midomo na mnapiga soga vizuri tu, lakini ukiwa nyuma ya mlango, wewe na ukuta ni sawa. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa na funguo, tukawa tunaingia tu kwake kama dukani. Mama hakulalamika. Ila alianza kushinda amekaa ameukodolea macho mlango, kilemba kichwani tangu asubuhi, na kuoga akawa anaoga haraka haraka. Na habari za kuhama alishazimaliza: "Humu nikitoka, nimebebwa."

"Akijua mwenyewe kwamba kuna mtu mlangoni, utamwacha?" nikamuuliza kaka.

"Atajuaje? Utamshonea masikio mapya?"

"Ndiyo, nitamshonea!"

Niliropoka kwa hasira, lakini nilisharopoka. Na mimi nikisema kitu, piga ua, nitakifanya.

Nilikuwa na kipande cha mahameli nyeusi kilichobaki kwenye gauni la mteja. Nikatarizi maua mekundu juu yake, na katikati ya kila ua nikapachika taa ndogo, zile za mapambo. Fundi redio wa mtaani kwetu akaniunganishia betri na kitufe cha kengele, akanionyesha jinsi ya kupitisha nyaya nyuma ya kitambaa. "Hizi mbili zisigusane, dada. Zikigusana, huna taa." Jambo gani hilo la kumwambia mtu anayeshona mishono myembamba kama nywele! Nikazishona sambamba, zimenyooka, nikabonyeza kitufe. Maua yakawaka yote. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa, cherehani nilifundishwa na mama, na mama alikuwa na sheria moja: kazi haitoki kwa fundi bila pasi. Ukimwonyesha nguo yenye kunyanzi anaisukuma pembeni, haitazami hata. Mikono yangu basi ikafanya ilichozoea. Nikageuza kitambaa, nikakipiga pasi upande wa nyuma, taratibu, kwa mapenzi yote.

Harufu ya plastiki ndiyo iliyonizindua. Mama yangu weee! Nyaya zilikuwa zimeyeyuka, zimeshikana kama uji. Nilibonyeza kitufe, wapi. Nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, halafu nikachukua wembe nikaanza kufumua.

Jumapili asubuhi nikagonga nyumbani kwa fundi redio mpaka akatoka na mswaki mdomoni.

"Dada, leo Jumapili."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi."

Akanipa nyaya mpya, na kicheko juu. Nikashona upya, vidole vimejaa matundu ya sindano. Mahameli ilikuwa imekunjamana vibaya kwa kufumuliwa, na pasi nikaiweka juu ya kabati nisiione. Kaka nikampigia simu: "Ukifika, usitumie ufunguo. Bonyeza kitufe cha nje, basi."

Kwa mama nilitundika kitambaa ukutani mbele ya kiti chake, waya nikaupitisha kwenye fremu ya mlango, kitufe nikakifunga nje. Mama akaja akakipapasa, akakunja uso.

"Hiki hakijapigwa pasi."

"Hakipigwi, mama."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Kabla sijajibu, maua yakawaka. Mama akarudi nyuma hatua moja. Yakazima, yakawaka tena. Akanitazama, nami nikamwonyesha mlango kwa kidole.

Nilitaka kwenda kufungua, akanizuia kwa mkono. Akakaza kilemba, akatembea pole pole hadi mlangoni, akasimama wima, akapaza sauti:

"Nani?"

Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu masikio yalipoziba.

Kaka akajibu huko nje, kwa sauti ya chini: "Ni mimi, mama."

Hakumsikia, wala hakujali. "Subiri hapo," akamwambia, "navaa viatu." Akavivaa bila haraka yoyote, hiki, halafu hiki. Kaka akasubiri.

Alipofungua, kaka hakusema habari ya kuhama. Alikuwa ameushika ule ufunguo wake. Akautazama, akamwekea mama kiganjani.

Mama akaufumba mkono, halafu akanigeukia mimi, akafungua kiganja cha mkono wa pili.

Nikaanza kupekua mkoba wangu.