Mvumo wa Besi ya Munga

Kabla ya noti ya kwanza pana mvumo. Sekunde tatu tu, mzito, wa chini, kama nzi aliyefungiwa chupani, kisha mdogo wangu Munga anaweka vidole kwenye nyuzi na wimbo unaanza. Nimeusikia kwenye redio za vinyozi hapa Changamwe, kwenye foleni ya feri Likoni, hata hospitalini nikingoja kung'olewa jino. Wenzangu husubiri sauti ya kuimba. Mimi husubiri zile sekunde tatu, maana ndani yake Munga yu hai, anavuta pumzi, nami bado sijamfanya lolote.

Juzi bintiye, Nyamvula, aliingia karakanani kwangu na amplifaya ndogo mkono mmoja, bakuli mkono wa pili.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo?"

"Hajambo. Amekuletea mihogo."

Tangu Munga afariki, miaka kumi na mitano sasa, mjane wake Sarah hajaacha kuniletea chakula. Kila mara hunipa neno lile lile: "Shemeji, kwa Munga tumebakiwa na wewe." Nami kila mara chakula hunikwama.

"Kuna studio Mkomani wanataka kuurekodi upya wimbo wa baba," Nyamvula akasema. "Nipige mimi, kwa besi yake." Akainua macho ukutani, ambako gitaa lile limetundikwa tangu tumzike.

Nililichonga mwenyewe, mti wa mbambakofi mtupu, zito hata Munga akinitania ati nimemvisha kinu shingoni. Ndilo lililokuwa la kwanza kutoka mikononi mwangu. Leo watu wanatoka Nairobi, wengine ng'ambo, kuja kuagiza gitaa la besi kwangu, moja moja, na kungoja miezi minne, kwa sababu ya wimbo ule. Wanataka livume vile vile. Yangu yote yanavuma. Wao huuita mvumo huo siri ya fundi, nami huwaacha waseme.

Nyamvula akalishusha, akafuta vumbi kwa leso, akachomeka waya wa amplifaya. Kimya. Akaongeza sauti hadi mwisho. Kimya kile kile.

"Baba mkubwa, mbona hili halivumi? Na kwenye wimbo linavuma!"

Nikakaa kwenye benchi.

Mvumo haukuwa ufundi, jamani. Ulikuwa kosa. Nilisahau waya mmoja, urefu wa kidole, unaounganisha nyuzi na ardhi ya umeme ili gitaa litulie. Wimbo ulipoenea nchi nzima niliona haya karibu nife. Kila redio ilikuwa inatangaza kosa langu!

"Lete nilirekebishe," nikamwambia Munga.

Akacheka. "Liache, kaka. Watu wameshauzoea."

Nani, mimi? Niache kosa langu lisikike? Kiburi kilinijaa hadi kooni. Jumamosi moja alikuwa anakwenda kupiga harusini Mtongwe. Alipotoka kwenda kunyolewa, nililifungua gitaa, nikaulehemu ule waya, nikarudisha kifuniko. Kazi ya dakika tano.

Kule harusini manyunyu yalikuwa yamepita na nyasi zilikuwa zimelowa. Amplifaya ilikuwa ya kukodi, umeme unavuja ndani yake, na hakuna aliyejua. Munga aligusa nyuzi, akasikia ule utulivu, akageuka kunitazama nilikosimama kando ya jukwaa. Akatikisa kichwa huku akitabasamu, kama kusema, wewe, tutaonana nyumbani. Kisha akasogea kuimba, na mdomo wake ukagusa maikrofoni. Umeme ukamwangusha, hakuinuka tena.

Wote waliilaumu amplifaya, na kweli ilikuwa mbovu. Lakini umeme ulimfikia kwa njia gani? Kwa nyuzi. Na nyuzi ziliupata kwa waya wangu. Sijaulehemu waya huo kwenye gitaa lolote tena. Hiyo ndiyo siri ya fundi.

Nilimweleza Nyamvula yote, macho yangu kwenye bakuli la mihogo.

"Alikukataza?"

"Alinikataza."

"Nipe bisibisi. Na koleo."

Akafungua kifuniko, akautafuta ule waya mwenyewe, akaukata huku na huku, akakiweka kipande mbele yangu. Akawasha amplifaya. Mvumo ukaja, ule ule wa redioni. Sekunde tatu zikapita, ya nne, ya kumi, na vidole vyake bado havijagusa nyuzi. Alikuwa analia. Mimi pia nililia, mtu mzima nilivyo, wala sikujificha.

Alizima, akalibeba gitaa begani. Mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Mama utamwambia wewe. Jumapili, baada ya ibada."

"Nitamwambia."

Jumapili ndiyo leo. Nimeliosha bakuli, nimevaa shati jeupe, kipande cha waya ki mfukoni. Sarah amenifungulia mlango, bado yuko kwenye nguo za kanisani, akacheka kwa furaha kuniona.

"Karibu, shemeji, karibu! Umekula?"

Nimeweka bakuli mezani, na ule waya ndani yake. Nimemwambia aniulize tena nikishamaliza kusema.