Samaki wa Krismasi wa Lindsay Direen

Kila neno hapa ni kweli tupu. Naapa kwa magoti yangu mawili, hili nililozaliwa nalo na lile la chuma nililowekewa hospitalini Hobart. Kama nimeongeza chumvi mahali, basi ni ile ya kwenye samaki tu.

Nimefunga na kufungua kamba za kivuko cha kisiwa cha Bruny miaka thelathini na moja. Mtu wa kivuko ana dakika kumi na tano za kumaliza hadithi kabla abiria hawajashuka, na wengine hushuka nayo nusu. Nyumbani sina abiria. Nilikuwa na jirani mmoja, Lindsay Direen, na kati yetu uzio wa mbao unaonifika kifuani. Lindsay alikuwa na udhaifu mmoja: akishaegemea uzio, hawezi kuondoka hadithi haijaisha.

Alikufa mwezi wa Mei, kwa kiharusi, baada ya siku tisa hospitalini. Akamwacha mkewe Noelene na mtoto mmoja, Glenn, anayechimba dhahabu huko Kalgoorlie. Glenn alikuja kuzika, akaondoka kesho yake, na tangu hapo akawa mtu wa simu za dakika mbili. Mwezi wa Oktoba Noelene akamwuliza kama atakuja Krismasi. Kijana akauliza kama kutakuwa na samaki wa baba. Noelene akasema kutakuwa naye.

Sasa, shida ni hii. Samaki wa siku za kawaida alikuwa wa Noelene: vipande viwili vya samoni kila Jumanne, chumvi, siagi, limau, dakika kumi na mbili kwenye oveni, na vyombo vimeoshwa kabla ya taarifa ya habari. Lakini samaki wa Krismasi alikuwa wa Lindsay. Ubavu mzima wa samoni, umepakwa rojo ya asali mpaka unang'aa kama kiatu cha askari. Noelene na Glenn walikuwa wakienda kanisani, Lindsay akabaki jikoni peke yake, na wakirudi saa sita wanamkuta samaki mezani. Miaka ishirini na sita hakuna aliyemwona akipika, na yeye hakuandika popote.

Noelene alianza na maelezo ya kwenye lebo ya kopo la asali: asali, siagi, haradali, limau. Akaniletea kipande kwenye uzio.

"Kitamu," nikasema.

"Kitamu, lakini siye. Kuna kitu hakipo."

Ningeweza kusema sijui. Lakini alikuwa ameshika ile sahani kwa mikono miwili kama mtoto anayesubiri kuambiwa amefaulu, nami nikausikia mdomo wangu ukimwambia kwamba Lindsay hakuwa mtu wa kupika kwa lebo. Siri yake aliniachia mimi. Alininong'oneza hospitalini, Jumatatu ile nilipokwenda kumwona.

Noelene alinitazama kitambo. "Siri gani?"

"Tangawizi," nikasema.

Haikuwa tangawizi. Jumanne iliyofuata nikakumbuka kwamba Lindsay alitaja pia siki ya matufaha, na haikuwa siki. Ikaja bia nyeusi. Yakaja majani ya chai yaliyosagwa, na wiki hiyo hata paka wangu alinusa, akaenda zake kwa heshima. Kila Jumanne jioni Noelene alileta sahani, tukala tumesimama, yeye upande wake na mimi wangu. Mimi nilitafuna macho nimeyafumba, kama jaji wa maonyesho ya matufaha, kisha nikatangaza kwamba tumekaribia. Na kwa kuwa alikuwa bado amesimama pale, nilimwongezea hadithi. Hakucheka. Alisikiliza huku akiitazama sahani, akasema asante, akaingia ndani.

Wiki ya kwanza ya Desemba akanijia bila sahani.

"Athol, njia ya mwongo ni fupi. Ikifika Krismasi na ikaonekana umenidanganya, trei zangu za oveni utaziosha wewe mpaka mmoja wetu azikwe."

Nikampa mkono. Aliyewahi kukwangua asali iliyoungulia kwenye trei anajua kwamba huo haukuwa mkataba mdogo.

Glenn alifika tarehe ishirini na tatu, mrefu kama baba yake, na mkimya kumzidi. Mkesha wa Krismasi Noelene akapika samaki wa majaribio mwenye siri zangu zote mwilini, akanialika. Glenn alikula nusu. Akasema, "Mtamu, mama," kwa sauti ile tunayomsifia mtoto wa jirani aliyetuimbia bila kuombwa, akasogeza sahani. Halafu akasema kazini wanamhitaji, kwa hiyo hatakaa mpaka Mwaka Mpya kama walivyopanga. Ataondoka keshokutwa. Noelene akaondoa vyombo.

Asubuhi ya Krismasi, saa tano, nikaenda kwenye uzio kukiri. Glenn alikuwa ameshuka gatini kuiangalia mashua ya baba yake. Noelene alikuwa nje, anamwaga maganda ya viazi. Mwaka huo hakwenda kanisani. Samaki alikuwa ndani ya oveni, na rojo ndiyo kwanza ameipaka.

"Ile ya kwenye lebo tu," akasema. "Uchawi wako umenichosha. Nina dakika saba."

Dakika saba za mwisho ndizo hatari. Samaki anavumilia, lakini asali haina subira na mtu.

"Noelene, kuna jambo," nikaanza.

Kiapo changu kile cha magoti bado kipo: nilikusudia kukiri. Ila mdomo wangu haujui njia iliyonyooka, ukaona upitie kwanza kwa samoni wa mwaka wa dhoruba. Yule aliyetoroka kwenye vizimba vya kufugia samaki, akapanda Mto Huon wakati matufaha yanaanguka majini kutoka mashambani, akayala wiki sita. Nilipomvua alikuwa amenenepa kama nguruwe wa mashindano. Nikamwingiza kwenye oveni mkavu, bila kumpaka kitu, naye akaanza kujipaka rojo mwenyewe kutoka ndani.

Noelene akaweka beseni chini. Akaegemea uzio, kiwiko chake kikakaa pale pale palipolainishwa na kiwiko cha Lindsay.

Nilipofika pale samaki alipopata kwikwi, na kila kwikwi inanuka pombe ya matufaha, Noelene akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu Mei, na niambie, nani angekatiza hapo ili akiri dhambi? Nikaongeza nyigu. Nikaongeza kasisi aliyelewa kwa harufu tu.

Harufu ikatufikia kweli, lakini nyingine.

"Mungu wangu, samaki!" Noelene akatimua mbio.

Nikabaki nimeshika uzio. Maneno yale yale. Mbio zile zile. Lindsay, kila Krismasi, kutoka mahali pale pale. Katika uongo wote niliompa Noelene, kweli moja niliyokuwa nayo sikumpa, kwa sababu sikujua kwamba ndiyo siri yenyewe.

Nilipoingia jikoni, samaki alikuwa mezani juu ya trei yake. Katikati anang'aa rangi ya dhahabu, kingo nyeusi kama lami. Noelene amesimama na taulo mkononi. Mlango wa nyuma ukafunguka, Glenn akaingia pua mbele. Hakusalimu. Akavunja kipande cha ukingo mweusi kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna polepole. Kisha akavuta kiti cha baba yake, akakaa.

"Huyu," akasema. "Mama, huyu ndiye."

Akaendelea kula kwa vidole, moto hivyo hivyo, machozi yakimtiririka wala hayafuti. Noelene akamshika bega. Kisha akanigeukia.

"Kumbe chini ya rojo ile nyingi Lindsay alikuwa anamwunguza?"

"Kila mwaka."

"Kwa nini?"

Nikanyoosha kidole dirishani, kwenye uzio.

Aliutazama uzio, akanitazama mimi. "Kwa hiyo tangawizi?"

"Hapana."

"Siki? Bia? Majani ya chai?"

"Hapana, Noelene."

"Lindsay alinyamaza Jumapili, Athol. Hakusema neno tena mpaka alipokufa. Wewe ulikuja Jumatatu. Nimejua tangu Oktoba."

Nikamwuliza sasa kwa nini alipika takataka zote zile. Akazipanga uma ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Jumanne zilikuwa ndefu," akasema. "Na nilidhani katika kubahatisha huenda ukapatia."

Glenn akauliza, mdomo umejaa, kama Jumanne ijayo samaki atapikwa tena, maana angependa kuwepo. Noelene akasema ndiyo, ila dakika kumi na mbili na bila hadithi. Wa kuungua ni wa Krismasi.

Baada ya chakula nikakunja mikono ya shati. Maji ya moto, magadi, kisu butu, sufu ya chuma ya kusugulia. Asali ile ilikuwa imeshika kama rangi ya meli. Nimekwangua nusu saa, Noelene akaja kusimama kando yangu na kitambaa cha kukaushia.

"Yale matufaha aliyokula yule samaki," akasema, "yalikuwa mekundu au ya kijani?"

"Mekundu," nikasema.

"Lindsay alinisimulia hadithi yako hiyo kila Krismasi nikirudi kanisani, huku anakata mkate. Miaka ishirini na sita yalikuwa ya kijani."

Akafungua oveni, akatoa trei ya chini, ile iliyokinga matone, akaiweka mbele yangu.