Matawi Nyuma ya Lori la Marseli

Niliota usiku wa jana kwamba nimo ndani ya filamu ya Kifaransa anayoipenda baba.

Ni filamu ya zamani, haina hata rangi. Dereva wa lori, Marseli, amekataa kubeba mzigo wa wizi, na majambazi wanamfukuza. Mwishoni lori linamharibikia kwenye ukungu, mbele kidogo ya kona. Yuko chini ya lori na spana yake, gari la majambazi linakuja mbio, linamgonga, anakufa. Baba, dereva mstaafu, aliimaliza mara moja tu. Tangu siku hiyo huzima runinga kabla ya kona. Sasa macho yake yanafifia. Juzi aliniambia, "Natamani ingekuwa na mwisho mwingine, niuone kabla giza halijaingia." Nilikwenda jikoni nikalia.

Basi niko Ufaransa, na baridi yote ile nimevaa kanga moja. Kando ya barabara zimejipanga herufi tatu nyeupe, ndefu kuliko nguzo za umeme: F, I, N. Kwa Kifaransa ndiyo "mwisho".

"Mnangoja nini?" nauliza.

"Afe, tuingie," inajibu F. "Tumesimama tangu asubuhi."

"Kwetu steringi wa filamu hafi."

Zinatazamana. "Hiyo ni sheria?"

"Ni sheria. Ulizeni kibanda chochote cha video."

"Basi itekeleze haraka," inasema I. "Mimi nina mguu mmoja."

Nageuka. Ufaransa inaishia hapo hapo, unaanza ua wetu wa Dodoma, na mwarobaini wa baba.

"Kata matawi ya chini," unaniambia mwarobaini. "Ya juu ni ya dawa."

Nakata. Nahesabu hatua thelathini nyuma ya lori, kama baba alivyonifundisha, napanga matawi barabarani ili anayekuja ajue mbele kuna gari bovu.

Gari la majambazi linatokea. Linaona matawi, linapunguza mwendo. Linapunguza tena. Kuku wetu analipita.

Jambazi mkubwa anatoa kichwa dirishani. "Samahani dada, tutaongeza mwendo lini?"

"Mwenye lori akishaondoa matawi."

"Haya, ahsante."

Marseli anakaza nati ya mwisho, anafuta mikono, anawasha lori, anakwenda zake nyumbani. Herufi zinaingia zikichechemea.

Niliamka vidole vikiwa vichungu. Uani baba alikuwa akipapasa mwarobaini na kufoka, "Nani kakata matawi yangu?"

Nilimketisha mbele ya runinga, nikaficha rimoti. Filamu ikafika kona. Akanishika mkono kwa nguvu. Marseli akawasha lori, akaenda.

Baba alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo.

"Huo ni mwarobaini," akasema, machozi yakimtoka. "Na ni hatua thelathini kamili. Aliyeyapanga kafundishwa." Kisha akakunja uso. "Ila huyu bwana kaondoka, kayaacha matawi barabarani. Dereva gani huyo!"

Akapangusa macho.

"Rudisha nyuma, mwanangu. Nimwone tena akienda nyumbani."